Mwezi wa Tisa

Kijiji cha Mayak, mkoa wa Tashkent
14 Mei 1996

Saa moja asubuhi: nyuzi joto kumi na saba, mbingu nyeupe, upepo hafifu kutoka mtoni.

Rimma mwanangu,

Maswali yako yamefika, kurasa nne. Nimeyajibu kwa kufuata namba, isipokuwa la kumi na tisa, ambalo linahitaji barua. Usishangae kwamba naanza na hali ya hewa. Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa wa shamba letu la ushirika kwa miaka thelathini na moja, na kila siku yangu tangu nimalize sekondari imo kwenye daftari. Mtu akiniambia mwaka fulani kulikuwa na baridi, namuuliza nyuzi ngapi.

Swali la kumi na tisa: "Eleza meza tatu kwa msomaji asiye Mkorea, na useme zako ziliandaliwa wapi." Haya. Mkorea hukalishwa mezani kwa heshima mara tatu. Mara ya kwanza ni anapotimiza mwaka mmoja. Asubuhi, kabla ya saa sita mchana, huwekewa mkate wa mchele, maharage, uzi, mkasi, kitabu na kalamu, naye huchukua vitu vitatu mbele ya watu ili ijulikane atakuwa mtu wa namna gani. Mara ya pili ni harusini. Ya tatu ni anapotimiza miaka sitini, na hiyo huandaliwa na watoto wake. Sharti ni moja: aliyekosa meza ya kwanza hana ya sitini. Akikaa kwa ubishi, mabaya huwaangukia watoto walioiandaa. Usiniulize kwa nini. Hapa kwetu hata katibu wa chama aliikataa meza yake kwa sababu hiyo, na yeye alikuwa haamini hata radi mpaka aisome gazetini.

Yangu ya kwanza iliandaliwa nyumbani, kwenye kijiji chetu cha zamani kule pwani ya Mashariki ya Mbali. Nilizaliwa tarehe 5 Septemba 1936. Amri ya serikali ya kutuhamisha Wakorea wote kuja huku ilipotoka, sisi tulipakiwa kwenye treni tarehe 24 Septemba 1937. Kwa hiyo nilitimiza mwaka siku kumi na tisa kabla ya treni. Mama hakuwa mtu wa kumnyima mtoto meza. Andika hivyo, bila kuweka "inasemekana".

Tarehe 5 Septemba mwaka huu natimiza sitini. Binti yangu Inna ameshaalika watu mia na ishirini. Wewe ni wa mia na ishirini na moja.

Wako,
Zoya Nogay

(15 Mei. Sifungi barua siku ninayoiandika. Jana nililala saa tatu na dakika ishirini.)


Almaty, 3 Juni 1996

Shangazi Zoya, shikamoo.

Sijawahi kupata majibu yaliyopangika hivi. Makala yangu inahusu watoto waliotimiza mwaka mmoja wakati wa kuhamishwa, na wengi niliowahoji hujibu kwa "labda" na "nadhani". Wewe una tarehe mbili na hesabu ya siku. Nimekuweka mwanzoni kabisa mwa makala, kurasa tisa. Mhariri amefurahi kuliko mimi.

Nina maswali mawili madogo ya kukamilisha. Ulichukua vitu gani mezani? Na mama alikueleza nini kuhusu siku uliyozaliwa?

Mwaliko nimeupokea kwa mikono miwili.

Mwanao,
Rimma Tegay


Mayak, 21 Juni 1996

Saa moja asubuhi: nyuzi ishirini na sita, mbingu safi, vumbi kwa mbali upande wa kusini.

Rimma mwanangu, marahaba.

Nilichukua nini mezani? Sijui. Nilimuuliza mama mara nyingi. Aligeukia jiko akasema, "Kila kitu. Ulikuwa mlafi." Hakuwahi kusema zaidi.

Kuhusu siku yenyewe alikuwa na mambo mawili, kila mara yaleyale. Nilitoka jua likizama, na juu ya ghala la mchele kulikuwa na mwezi mwembamba kama kipande cha ukucha. Na asubuhi yake baba alipokwenda kuchukua maji ya kuniosha alikuta ndoo imeshika barafu nyembamba. Tarehe aliishika kichwani, maana hakujua kusoma. Tulipoandikishwa upya mwaka 1946, karani alimuuliza, naye akajibu: siku ya tano, mwezi wa tisa. Karani akaandika 5 Septemba.

Meza yangu ya pili ilikuwa hapahapa Mayak, mwaka 1958. Ilikosa jogoo. Unajua kwamba jogoo aliyechemshwa mzima, na pilipili nyekundu mdomoni, ndiye bwana mkubwa na shahidi wa meza ya harusi. Mama alisema kuku wa kijiji kizima wanaumwa. Wifi yangu Motya, dada wa marehemu mume wangu, hajanisamehe mpaka leo. Jana alikuja kunisaidia kukata karoti za saladi.

"Wifi," akasema, "mwaliko umenifikia. Safari hii jogoo yupo, au bado anaumwa?"

"Yupo. Ana afya kuliko wewe."

"Maana ndugu yangu alioa bila shahidi. Hata leo sina hakika kama mlioana."

"Tulizaa watoto wawili, Motya."

"Hilo halithibitishi kitu."

Ana miaka sabini na ulimi wa miaka ishirini. Utamwona Septemba.

Wako,
Zoya Nogay

(22 Juni. Nililala saa nne kasoro robo, kwa sababu ya joto.)


Almaty, 15 Julai 1996

Shangazi Zoya, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Septemba sitaweza kuja, masomo yanaanza chuoni. Nilikuwa nafikiri, je, sherehe haiwezi kusogezwa mpaka katikati ya Oktoba? Vitunguu vitakuwa vimeshatoka shambani, joto litakuwa limepungua, wageni watapumua. Ni wazo tu.

Makala inaendelea polepole.

Mwanao,
Rimma


Mayak, 6 Agosti 1996

Saa moja asubuhi: nyuzi ishirini na nne, mbingu safi, upepo hakuna.

Rimma,

Uliponiambia nisogeze meza yangu kwa ajili ya vitunguu, niliitupa barua yako kwenye kapu la viazi. Meza ya sitini si mkutano wa wakulima. Haisogezwi.

Siku ya tatu niliitoa. Nilijiuliza kwa nini umesema katikati ya Oktoba. Mtu anayetaka kuahirisha tu husema "baadaye kidogo". Halafu hukunijibu neno hata moja kuhusu mwezi na barafu, na wewe ndiye uliyeuliza.

Basi nikapanda juu darini kuchukua madaftari. Mwezi hurudi na sura ileile tarehe ileile kila baada ya miaka kumi na tisa. Mpimaji yeyote analijua hilo. Chukua 1936, ongeza kumi na tisa mara tatu, unafika 1993. Nikafungua daftari la 1993, tarehe 5 Septemba. Nimeandika kwa mkono wangu: "Mwezi mnene, umechomoza karibu saa tatu usiku." Nikafungua la 1974. Vilevile. Kwa hiyo tarehe 5 Septemba 1936 jua lilizama na angani hapakuwa na mwezi wowote, seuze mwembamba kama ukucha. Na barafu ndooni mwanzoni mwa Septemba, kule pwani, haipo.

Mwezi mwembamba wa jioni ni wa siku ya nne au ya tano. Mama hakumwambia karani Septemba. Alimwambia mwezi wa tisa, ule wa kalenda ya kale unaofuata mwezi wa angani, na karani akadhani ni wa kalenda ya ukutani. Miaka thelathini na moja nilisoma kipimajoto bila kukosea, na mama yangu nilimsoma vibaya maisha yote.

Kalenda ya kale ya mwaka 1937 mimi sina. Wewe unayo. Nijibu swali moja, bila kunionea huruma. Siku niliyotimiza mwaka mmoja tulikuwa nyumbani au kwenye treni?

Zoya Nogay

(7 Agosti. Nililala saa sita na dakika kumi usiku. Haijawahi kutokea tangu mume wangu afariki.)


Almaty, 19 Agosti 1996

Shangazi Zoya,

Kwenye treni. Siku ya tano ya mwezi wa tisa wa kale, mwaka ule, ilikuwa 8 Oktoba. Mlikuwa safarini wiki mbili.

Nilijua tangu Juni. Nina karatasi za watu mia mbili na kumi na wawili waliozaliwa kabla ya kuhamishwa. Nilipozipanga kwa tarehe niligundua kwamba hakuna hata mmoja aliyezaliwa tarehe 31. Hata mmoja, Shangazi! Kalenda ya kale haina siku ya thelathini na moja. Wazazi walitaja tarehe zao, makarani wakaziandika kama zetu za sasa, na watu wengi sana wamekuwa wakisherehekea siku zisizo zao. Kisha ikafika barua yako yenye mwezi na barafu.

Sikukuambia. Kwanza nilizionea uchungu kurasa zangu tisa. Baadaye nikaiogopa meza yako, nikajidanganya kwamba nakuhurumia. Ile ya vitunguu naionea haya. Nilitaka angalau ukae siku iliyo yako, hata kama hujui kwa nini.

Makala nimeizuia. Ukiamua tarehe ya pasipoti ibaki, sitamwambia mtu yeyote, wala sitaiandika popote.

Jambo moja zaidi. Nina orodha ya behewa lenu, familia nane. Kati ya wote, mbali na wewe, aliye hai ninayemfahamu ni mmoja: Matryona Tyan, aliyekuwa na miaka kumi na moja wakati ule. Anwani yake ni Mayak.

Nisamehe.
Rimma


Mayak, 1 Septemba 1996

Saa moja asubuhi: nyuzi kumi na saba, mawingu machache ya juu.

Rimma mwanangu,

Matryona Tyan ni Motya. Wifi yangu. Nilimfuata bustanini na barua yako mkononi.

"Motya, kwenye treni niliandaliwa meza?"

Hakuuliza treni gani. Aliendelea kung'oa magugu, kisha akasema, "Hukuandaliwa."

"Na ulijua siku zote?"

"Behewa zima lilijua. Mama yako alikuwa na vikombe viwili vya mchele, amevishona ndani ya mto kwa ajili ya siku yako. Siku yenyewe ikakuta watoto watatu wanaharisha, hawawezi kula mkate mkavu. Akaupika uji, akawapa. Mmoja alikuwa Kolya wetu."

Kolya ni mume wangu. Alikuwa na miaka minne.

"Akatuambia, huyu mtoto asije akajua. Watu wazima wakala kiapo, na sisi watoto tukatishiwa viboko. Harusini kwako hakuthubutu kuweka meza kamili kwa mtu aliyekosa ya kwanza, akaondoa jogoo."

"Na wewe ukanisema kwa jogoo huyo miaka thelathini na minane!"

"Ulitaka nifanye nini? Ningenyamaza ungeanza kuuliza. Wewe ukiuliza huachi."

Nikakaa palepale kwenye matuta. Inna alipotoka kazini nilimweleza. Alisema, "Mama, pasipoti inasema Septemba. Nani mwingine anajua?" Nikasema, "Najua mimi." Akasema yeye haamini mambo hayo. Lakini ana watoto wawili wadogo, Vanya na mwenzake, na niliona rangi ya uso wake. Nikikaa, nitamtia hofu kila mtoto atakapopata homa. Nisipokaa, mtaa mzima utasema Inna Tyan alimnyima mama yake meza, na hilo atalibeba mpaka uzee wake. Sikubali lolote kati ya hayo mawili.

Nimefikiri siku tatu na nimeamua. Wageni wa tarehe tano nimewaambia wasije. Mwaka huu siku ya tano ya mwezi wa tisa wa kale ni 16 Oktoba, nimehesabu mwenyewe kwa mwezi. Siku hiyo asubuhi, kabla ya saa sita, nitakaa meza ya mwaka mmoja. Mchana nitakaa ya sitini.

Motya akaja juu. "Meza ya mwaka haiwekwi siku ikishapita!"

"Siku gani imepita? Siku ya tano ya mwezi wa tisa inarudi kila mwaka. Ya mwaka huu haijafika."

"Mtoto huwa na mwaka mmoja!"

"Nionyeshe palipoandikwa."

"Hakuna palipoandikwa, ni mila!"

"Basi kama haikuandikwa, hakuna aliyenikataza."

Akashika njia ya kwenda kwake. "Ungekuwa wakili wewe, magereza yote yangekuwa matupu." Alifika mpaka langoni ndipo akageuka. "Na mkate wa mchele nitatwanga mimi. Wa Inna huwa mgumu kama soli."

Wewe nimekusamehe. Kurasa tisa ni nyingi, naelewa. Lakini siku nyingine ukiona kosa kwenye vipimo vyangu, niambie siku hiyohiyo.

Wako,
Zoya Nogay

(2 Septemba. Nililala saa tatu kamili.)


Almaty, 23 Septemba 1996

Shangazi Zoya, shikamoo.

Tarehe 16 Oktoba ndiyo siku ninayotakiwa mbele ya jopo la chuo, na hawakukubali kuibadilisha. Nimelia kama mjinga.

Niliwasimulia wenzangu unachotaka kufanya. Wamegawanyika. Mmoja ameniuliza, "Hiyo ni mila ya Wakorea au ni mila ya Zoya Nogay?" Makala inasubiri, na mhariri pia. Niandikie niseme nini.

Mwanao,
Rimma


Mayak, 16 Oktoba 1996

Saa moja asubuhi: nyuzi tisa, mbingu safi, upepo hakuna, umande mzito.

Rimma mwanangu,

Andika kwanza vipimo, kabla sijasahau. Meza iliwekwa saa nne na nusu. Nilikaa saa tano kasoro robo, nyuzi kumi na nne kivulini. Mashahidi arobaini na mmoja, wengine walifika mchana.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu Septemba nilikuwa nimeshapanga nitachukua nini: uzi kwanza, kalamu ya pili, mkate wa tatu. Niliwaambia Inna na Motya, ili kusiwe na vurugu. Motya alitaka kunifunga macho kwa kitambaa.

"Mtoto wa mwaka hajui anachokichukua. Wewe unajua. Huo ni udanganyifu."

"Mtoto hafungwi macho, Motya."

"Mtoto hajapata pensheni pia."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Wajukuu wa Inna— angalia nilivyochanganyikiwa, wajukuu wangu— walikuwa wamekaa chini ya meza wakingoja nidondoshe kitu. Inna alinivalisha koti jekundu alilolishona mwenyewe, akanishika mkono kunikalisha, ingawa naweza kukaa bila kushikwa. Mbele yangu kulikuwa na mkate mweupe wa mchele, bado unatoa mvuke. Motya alikuwa ameutwanga tangu alfajiri. Pembeni kulikuwa na bakuli la mchele mbichi, limejaa mpaka juu, na maharage, uzi, mkasi, kitabu, kalamu. Kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Nikanyoosha mkono kwenye uzi, kama nilivyopanga. Mkono ukasimama juu ya bakuli la mchele, na nikaanza kulia.

Sikulia kwa adabu, mwanangu. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikitoka. Mimi niliyemzika mume wangu bila watu kuona chozi. Inna akaogopa, akataka kuniinua. Jirani mmoja akanong'ona kwamba ni dalili mbaya, iachwe. Nikamsikia, nami nikawaza, amesema kweli, nimeharibu. Watoto wangu.

Motya akamsukuma Inna pembeni.

"Mwache! Mmewahi kuona mtoto asiyelia mezani kwake? Wote hulia. Vanya wako alilia mpaka akatapika. Huyu ndiyo kwanza amekuwa mtoto wa kweli." Kisha akageuka akanisemesha kwa ile sauti ya kusemesha watoto wachanga, sauti ambayo sikumbuki kusemeshwa na mtu yeyote. "Haya, mama, haya. Chukua. Chako hicho."

Nikachukua. Mchele, konzi nzima, ukimwagika. Kisha mkasi, ambao sikuupanga. Kisha uzi. Motya akatangaza kwa watu wote kwamba mtoto atakuwa na maisha marefu, hatalala njaa, na atakuwa fundi wa mikono. Mzee mmoja akauliza, "Fundi wa nini, kwa umri huo?" Motya akamjibu, "Ana miaka mingi ya kujifunza, wewe huna."

Inna alipiga magoti akaokota punje za mchele moja moja sakafuni, akazifunga kwenye leso yake, akaiweka mfukoni. Yeye asiyeamini.

Saa nane mchana nilikaa meza ya sitini. Wanangu wawili waliinama mbele yangu mpaka chini, na mimi niliwatazama usoni bila hofu yoyote.

Mwenzako anauliza kama ni mila ya Wakorea au yangu. Mwambie aandike tarehe, saa na mahali, aandike na majina ya mashahidi, kisha angoje. Tayari wazee wawili, waliozaliwa mwaka mmoja na mimi, wamemvuta Motya kando kumuuliza kama anaweza kuwahesabia mwezi. Amewaambia waje kwangu. Watakuja Jumamosi, na mimi nimeshashusha madaftari.

Makala itoe. Jina langu liandike kamili.

Wako,
Zoya Nogay

(17 Oktoba. Jana nililala saa mbili na nusu usiku, kabla ya wageni kuondoka. Inna anasema nilisinzia kwenye kiti, akanibeba na ndugu yake mpaka kitandani, nami sikuamka.)